Mafuta ya Makonyo kwenye Antena

Likizo au si likizo, nyumbani kwa Bi Asya hakuna mtoto anayelala mpaka jua limchome. Samah alijua hilo tangu azaliwe. Baada ya sala ya alfajiri alikuwa akijinyoosha kitandani kwa matumaini, mama yake akimwita mara ya pili kwa sauti isiyo na mchezo, naye akitoka kufagia ua, kuchota maji na kutandaza karafuu juu ya jamvi. Hapo tena ndipo alipopewa chai. Ulikuwa msimu wa karafuu, na hapo Tibirinzi, kama kwingine kote Chake Chake kisiwani Pemba, kila ua ulikuwa na jamvi lake. Mji mzima ulinukia.

Mwaka huo, baada ya chai, Samah alikuwa na kazi nyingine ambayo watoto wenzake hawakuwa nayo. Shangazi yake, Thuraiya, alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam, ambako ni mhandisi wa mawasiliano katika chuo kimoja. Alikipanga chumba cha uani, akajaza meza kwa kompyuta, nyaya na vyuma vidogovidogo, kisha akamwambia Samah, "Wewe ndiye msaidizi wangu."

Wapo watoto ambao wakiambiwa neno kama hilo hukunja mikono ya nguo wakafanya kazi. Samah alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na yeye alianza kwa kuvimba kichwa. Siku ile ile alitembea uani polepole, mikono nyuma, mfano wa mwalimu mkuu anayekagua usafi. Bi Asya alimtazama akacheka kimoyomoyo, kisha akamtuma dukani.

Lakini tusimwonee. Kusikiliza alisikiliza, na maswali aliuliza.

"Shangazi, kidude hiki ni nini?" aliuliza siku ya kwanza, akionyesha kisanduku cha ukubwa wa kibiriti.

"Hiyo ni antena. Inarusha mawimbi na kuyapokea, kama antena ya redio. Ila mawimbi yake ni mafupi sana. Wimbi moja halizidi urefu wa punje ya mchele."

"Kwa nini umetaka mafupi?"

"Kwa sababu yanabeba habari nyingi kwa mara moja, na antena yake inaweza kuwa ndogo. Nataka magari yazungumze. Gari la mbele likifunga breki, la nyuma lipate habari papo hapo, hata kama mvua ni kubwa na dereva haoni taa za mwenzake. Tatizo ni kwamba mawimbi haya hayana nguvu ya kupita kila mahali. Jani bichi tu linaweza kuyazuia."

Alifungua kisanduku, akamwonyesha ndani vibamba vya shaba vilivyopangwa safu kwa safu, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Akaeleza kwamba vibamba hivyo vikifanya kazi pamoja vinaweza kuugeuza mwale wa mawimbi, ukalifuata gari la nyuma njia inapopinda. Ndiyo maana alikuja kuijaribu antena yake huku Pemba. Njia ya kwenda Ole ina kona nyingi, miteremko na mikarafuu pande zote mbili.

"Wenzangu chuoni wana antena yao, kubwa kama sinia," alisema Thuraiya. "Inafanya kazi, siwezi kusema uongo. Lakini sinia utalifunga wapi kwenye gari la mtu? Hii yangu inakaa pembeni mwa kibao cha namba. Ijumaa baada ya sala tutazungumza nao kwa kompyuta, tuchague moja ya kuendelea nayo. Isipochaguliwa, ndiyo basi tena. Kazi yangu ya miaka yote hii itawekwa kabatini."

Kisha akamwekea sheria mbili. Ya kwanza, hakuliwi kitu chochote ndani ya chumba kile. Ya pili ilihusu kifuniko cha antena. Kilikuwa cha plastiki ngumu, na unene wake ulipimwa kwa uangalifu, kwa sababu kikinenepa au kikikonda kidogo tu mawimbi hugonga pale yakarudi. Kifuniko hicho kifutwe kwa kitambaa kikavu, basi.

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi."

Jumatano jioni Thuraiya alikwenda kupanga mambo ya gari, na Mwanapili akaja kutembea. Mwanapili ni rafiki wa Samah, wanakaa dawati moja skuli. Alikuja na halua iliyobaki kwenye harusi ya kaka yake, imefungwa vizuri kwenye kifuko. Samah angeweza kumpokea barazani. Angeweza kumpeleka jikoni. Alimpeleka chumba cha uani, kwa sababu barazani hakukuwa na antena ya kumringia.

"Hii tumeitengeneza sisi," alisema, akikishika kisanduku.

"Sisi nani?"

"Mimi na shangazi."

"Haya, mhandisi," alisema Mwanapili. "Basi kula halua upate nguvu ya kutengeneza nyingine."

Wakala humo humo, wakicheka, huku Samah akieleza habari za mawimbi kwa kidole chenye halua. Mwanapili akaaga. Samah akafunga mlango, akaenda chuoni kusoma Kurani, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa.

Alhamisi asubuhi alipofungua mlango, moyo ulimlipuka. Mstari mweusi wa sisimizi ulitoka dirishani, ukapanda mguu wa meza, ukaishia juu ya kisanduku cha antena. Kifuniko kilikuwa kimejaa sisimizi wanaokwenda na kurudi. Alama ya kidole chake yenye halua ilionekana wazi, imeganda pale katikati.

Shangazi alikuwa sebuleni anamalizia chai. Samah akapuliza, sisimizi wakang'ang'ania. Akafuta kwa kitambaa kikavu, wakaondoka na dakika ile ile wakarudi, kwa sababu halua inanata na kitambaa kikavu hakiiwezi. Ndipo akakumbuka kabati la sukari. Mama yake akiona sisimizi kabatini hapigi kelele. Huchukua kichupa cha mafuta ya makonyo, yale yanayokamuliwa kwa moto kutoka kwenye vikonyo vya karafuu, akapaka kidogo. Sisimizi hawarudi tena siku hiyo. Nyumba gani Pemba haina kichupa hicho? Jino likiuma, mafuta ya makonyo. Mgongo ukikaza, mafuta ya makonyo.

Akaenda jikoni mbio, akatia mafuta kwenye kitambaa, akakisugua kifuniko kwa kukizungushia kidole mpaka halua yote ikatoka. Sisimizi wakatawanyika. Kifuniko kikang'aa kuliko kilivyong'aa jana. Harufu haikumtia wasiwasi, maana nje kulikuwa na karafuu, ndani kulikuwa na karafuu, na hata nguo za shangazi sasa zilinukia karafuu. Akakirudisha kichupa mahali pake akashusha pumzi. Alijiona ameokoka, tena kwa akili.

Gari la mbele lilikuwa la Mzee Mmanga, dereva wa gari la mizigo ambaye zamani alikuwa jirani yao hapo Tibirinzi kabla hajahamia Ole. Alikuwa mtu wa maneno machache, anayelipenda gari lake kupita kiasi. Kitambaa hakikumtoka mfukoni. Kioo kikichafuka alifuta. Mahali pakiwa na mafuta machafu, alitia petroli kidogo akasugua. Thuraiya alimpa antena na kumwelekeza, naye akaifunga kwa skrubu nyuma ya gari kwa mikono ya taratibu.

Gari la nyuma liliendeshwa na Talib, mwanafunzi wa Thuraiya kutoka chuoni, na ndani yake walikaa Thuraiya na Samah. Mbele ya usukani Talib alibandika taa ndogo nyekundu iliyounganishwa na kipokezi cha mawimbi. Mzee Mmanga akifunga breki, taa ile ilitakiwa iwake.

Wakiwa karibukaribu, taa iliwaka kwa kusitasita. Walipoachana kidogo, ikazimika. Kwenye kona ya kwanza haikuwaka kabisa, ingawa kwa macho yao waliona gari la mbele likipunguza mwendo. Thuraiya akasimamisha kazi, akakagua nyaya, akakagua kompyuta, akabadilisha betri. Wakarudia. Taa ikakaa kimya. Jua lilikuwa limepanda, na watu waliokuwa wakipita na baiskeli walianza kusimama kutazama.

Mwisho walipofika Ole, Thuraiya aliteremka akaifungua antena yenyewe. Akakitazama kifuniko kwa muda mrefu. Kilikuwa kimepiga ukungu mweupe katikati, na ndani ya ule ukungu kulikuwa na mipasuko myembamba kama nywele. Alikibonyeza kwa ukucha, ukucha ukazama.

"Plastiki hii haifanyi hivi bure," alisema. "Petroli huifanya hivi."

Macho ya wote yalikwenda kwenye mfuko wa Mzee Mmanga, kitambaa kilipokuwa kimening'inia.

"Mzee Mmanga, samahani nikuulize. Ulikifuta kwa petroli?"

"Sikukifuta, mwanangu. Nimekifunga kama ulivyonielekeza."

"Labda umesahau, mzee," alisema Talib. "Kitambaa chenyewe kinanuka petroli."

"Nishasema sikukifuta."

Samah alikuwa amesimama ubavuni mwa gari. Alikiona kifuniko. Ule ukungu mweupe ulikuwa wa duara, sawasawa na duara ambalo kidole chake kililichora asubuhi. Alielewa pale pale, hakuhitaji kuelezwa. Alijiambia atasema watu wa baiskeli wakishaondoka. Kisha akajiambia atasema Talib akishanyamaza. Watu wakaondoka, Talib akanyamaza, naye akaendelea kutazama viatu vyake.

Mzee Mmanga alikitoa kitambaa mfukoni, akakitazama, akakirudisha. "Gari nawaachia mpaka mmalize shughuli yenu," alisema. "Mie kwangu si mbali, nitakwenda kwa miguu." Akamkabidhi Talib ufunguo, akashika njia ya vumbi. Alipompita Samah alimtazama kidogo, na Samah akageuza uso.

Nyumbani, wakati wa chakula cha mchana, hakuna aliyekuwa na hamu. Baba yake Samah, Bwana Zahran, alimuuliza dada yake mambo yamekwendaje, na Thuraiya akaeleza yote bila kuficha.

"Mimi bado nasema ni petroli," alisema Talib.

"Hapana," alisema Thuraiya. "Nimefikiri njia nzima. Mzee Mmanga ndiye aliyekuwa akinipeleka skuli nilipokuwa mdogo. Sijapata kumsikia akisema uongo. Akisema hakukifuta, hakukifuta. Basi kosa ni langu. Jua la hapa na unyevu wake ndivyo vilivyokila kifuniko. Na antena inayoharibika kwa asubuhi moja haifai kufungwa kwenye gari la mtu. Kesho nitawaambia wenzangu wachukue ile kubwa."

"Thuraiya, kazi yote hiyo uitupe?" aliuliza Bwana Zahran.

"Bora niitupe mimi kuliko mtu aiamini njiani, imtupe yeye."

Bi Asya, ambaye alitaka kuwachangamsha, akasema, "Angalau umepata msaidizi mzuri, wifi yangu. Samah tangu umekuja amekuwa mtu mzima." Akamwongezea binti yake kipande cha samaki.

Samah aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Sasa mambo yalikuwa wazi kichwani mwake: ama Mzee Mmanga ni mwongo, kama alivyosema Talib, ama antena ya shangazi ni mbovu, kama alivyosema shangazi mwenyewe. Mzee hakuwa mwongo na antena haikuwa mbovu, na mtu aliyelijua hilo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa anakula samaki.

Alasiri, wakitoka chuoni kusoma Kurani, Samah alimweleza Mwanapili.

"Nyamaza zako," alisema Mwanapili. "Nani atajua? Hata wakikinusa kifuniko, watanusa nini? Kisiwa kizima kinanuka karafuu."

Ilikuwa kweli. Hakuna mtu angeweza kumkamata. Samah alidhani akilisikia hilo atapata nafuu, lakini nafsi ilizidi kumsuta. Angekuwa wa kukamatwa, angengoja akamatwe. Sasa alijua kwamba asiposema yeye, halitasemwa milele, na Mzee Mmanga atazeeka na doa lisilokuwa lake.

Alifika nyumbani, akapita mlango wa chumba cha uani mara kadhaa bila kuingia. Akachukua ufagio akafagia ua uliokwisha kufagiwa. Mwishowe sauti ya shangazi ikamwita.

Thuraiya alikuwa anafunga vitu vyake kwenye boksi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Njoo, Samah. Nataka unisamehe. Nilikwambia utaiona antena ikifanya kazi, ukanisaidia kwa moyo wote, na sikuweza kukuonyesha kitu. Nimekupotezea likizo yako."

Angemgombeza, Samah angevumilia. Angempiga hata kofi. Lakini kuombwa msamaha na mtu uliyemkosea, hilo hakuliweza. Alisimama katikati ya chumba akalia kwa sauti.

"Shangazi, usinambie hivyo. Ni mimi. Nilikifuta kwa mafuta ya makonyo."

Thuraiya aliliacha boksi. "Mafuta ya makonyo? Kwa nini?"

"Kulikuwa na sisimizi."

"Sisimizi walifuata nini juu ya plastiki?"

Samah alitarajia nusu ile ingetosha. Aibu ya mafuta alikwisha kuitoa, ile ya halua alitaka abaki nayo. Shangazi akangoja, wala hakumsaidia.

"Halua," alisema Samah kwa sauti ndogo. "Tulikula humu, mimi na Mwanapili. Na si yeye aliyetaka kuingia. Ni mimi niliyemwingiza, nilitaka kumringia."

Nje Bi Asya alikuwa akizoa karafuu kwenye jamvi. Thuraiya aliketi kitini, akajifuta uso kwa mtandio.

"Pale Ole," aliuliza, "nilipokuwa namuuliza Mzee Mmanga mbele za watu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na ukamwacha akaenda kwa miguu."

"Ndiyo, shangazi."

"Basi hilo ndilo linaloniuma. Sisimizi si kitu. Halua si kitu."

Samah aliinamisha kichwa. Thuraiya hakumgombeza tena. Alimuuliza mafuta yalikuwa kiasi gani, alisugua kwa muda gani, na kitambaa kiko wapi. Kisha akachukua kipande kilichobaki cha plastiki ile ile, akakipaka mafuta kutoka kwenye kichupa cha Bi Asya, akakiacha juu ya meza. Asubuhi ya Ijumaa walikikuta kimepiga ukungu na mipasuko. Thuraiya alikigeuzageuza akatikisa kichwa.

"Mafuta haya yameingia ndani ya plastiki yakailainisha. Wimbi likifika hapo linapotea. Sikulijua hili, na nimesoma miaka mingi." Akatoa kifuniko kipya mkobani.

Samah akauliza, "Sasa tunakwenda kuijaribu?"

"Tunakwenda kwa Mzee Mmanga kwanza. Antena itangoja."

Walimkuta Mzee Mmanga uani kwake Ole, amekaa jamvini na mkewe Bi Tatu, wajukuu na majirani, wanachambua karafuu. Kulikuwa na mazungumzo na vicheko, lakini Talib, na Thuraiya aliyeendesha gari la mzee, waliposimamisha magari vicheko vikakatika. Habari za petroli zilikuwa zimekwisha fika kijijini, na watu walimtazama Talib kwa macho makali.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, bibi," alisema Samah. Kisha akamnong'oneza shangazi yake, "Nimwite pembeni?"

"Jana alituhumiwa mbele za watu. Leo asafishwe mbele za watu."

Samah alisogea ukingoni mwa jamvi. Watoto wa rika lake walikuwa pale, wengine anawajua kwa sura. Alitamani mvua ishuke, watu wakimbilie kukusanya karafuu, wamsahau. Mvua haikushuka.

"Mzee Mmanga," alisema, "kifuniko nilikiharibu mimi. Nilikipaka mafuta ya makonyo kuwafukuza sisimizi. Ulipoulizwa, nilikuwa najua, nikanyamaza. Wewe ulisema kweli. Naomba unisamehe."

Bi Tatu alisonya taratibu. "Mzee wa watu jana hakula chakula cha usiku," alisema. "Namuuliza ana nini, ananambia hana kitu."

Thuraiya naye akapiga magoti jamvini. "Na mimi nisamehe, mzee. Nilikuuliza hadharani swali ambalo ningekuuliza faraghani, kabla sijamuuliza mtu wa nyumbani kwangu." Talib, uso umemshuka, akasema, "Na mimi, mzee. Nilikuzidishia tuhuma."

Mzee Mmanga aliendelea kuchambua kishada kilichokuwa mkononi mpaka kikaisha. Kisha akamtazama Samah.

"Jana niliuona uso wako pale kwenye gari," alisema. "Nikasema moyoni, huyu mtoto ananihurumia. Nilikwenda nyumbani na hilo tu. Kumbe hukuwa ukinihurumia mimi."

Samah alilia, safari hii bila sauti. Tangu aanze kusema, hakuna neno lililomwingia kama hilo.

"Nishawasamehe nyote," alisema Mzee Mmanga. "Wewe kaa hapa uchambue kidogo mpaka moyo ukutulie. Nami nivae viatu, twende tukakijaribu kidude chenu."

Samah akakaa kati ya wajukuu, akachambua. Binti mmoja alimsogezea rundo lake bila kusema neno, na Samah akashukuru moyoni kwamba hakuulizwa kitu.

Walipotoka, mvua nyepesi ilikuwa imeanza. Mzee Mmanga alitangulia na gari lake, antena imefungwa na kifuniko kipya. Walifika kwenye mteremko, njia ikapinda mikarafuuni, na kwenye kioo chenye matone ya mvua gari la mbele lilionekana kama kivuli. Mara taa nyekundu ikawaka, imara, bila kusitasita. Talib akakanyaga breki kabla hajaona kitu. Wakapita kona ya pili na ya tatu, na taa iliwaka kila ilipotakiwa.

Simu ya Thuraiya ikalia. Ilikuwa sauti ya Mzee Mmanga kutoka gari la mbele. "Imewaka?"

"Imewaka, mzee. Alhamdulillahi."

Waliporudi Tibirinzi, saa ya sala ilikuwa imekaribia. Thuraiya alimwita Samah chumba cha uani, akamketisha mbele yake.

"Nisikilize vizuri, maana nitasema mara moja," alisema. "Kukosea kila mtu anakosea, hata mimi jana nilikosea. Lakini kosa lako la kwanza liliharibu kifuniko, na kifuniko nilikuwa na kingine mkobani. Kunyamaza kwako kuliharibu jina la Mzee Mmanga, na hilo sikuwa na jingine la kumpa. Tena mashine haikunidanganya jana. Ilinionyesha kwamba kuna kitu kibaya. Aliyenidanganya ni msaidizi wangu aliyesimama kimya, nikakaribia kuitupa kazi nzuri nikidhani ni mbovu. Ukifanya kosa, liseme lingali dogo. Ukiliacha, linakwenda kumwangukia mtu mwingine."

"Nimeelewa, shangazi. Wallahi safari hii nimeelewa."

"Na kuna jambo jingine. Kifuniko hiki nitakibadilisha plastiki yake. Dereva yeyote wa Pemba akiona sisimizi kwenye antena atafanya kama ulivyofanya wewe, na sitaki iharibike. Baada ya sala wenzangu wataniuliza nimejuaje kwamba mafuta ya karafuu yanaila plastiki hii. Nitawaambia aliyegundua ni Samah binti Zahran, darasa la sita."

Samah aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu jana alikaribia kutabasamu.

"Na wakiuliza aligunduaje," aliendelea Thuraiya, "nitawaambia na hilo pia. Halua, kimya, Mzee Mmanga kwenda kwa miguu, yote. Siwezi kutoa nusu. Kama unaona haya, nambie sasa, nisilitaje jina lako kabisa."

Samah aliona haya, tena sana. Alifikiria wahandisi wa Dar es Salaam wakimtazama kwenye kompyuta huku wakisikia habari ya halua.

"Usiseme wewe, shangazi," alijibu mwisho. "Niite nikae hapa mbele ya kompyuta. Nitasema mwenyewe."